Shingo Safi Haing'ari

Gitaa likirudi kutoka kwa fundi huku ubao wake wa freti ukimeremeta, wengi hulipa kwa furaha. Mmeremeto huo ndio wa kutiliwa shaka. Abunusi, na mbao za Dalbergia (ukoo wa mpingo wetu wa Kilwa unaochongwa klarineti), kwa kawaida huachwa bila vanishi. Ukisafishwa vizuri, ubao wa namna hiyo hukolea rangi na vinyweleo vyake huonekana, lakini haung'ari. Kinachong'aa ni mafuta yaliyobaki juu. Kandamiza karatasi ya shashi katikati ya freti mbili: ikitoka na doa, kazi haijakwisha, maana mafuta hayo yatanasa vumbi na kuchafua nyuzi mpya. Kisha kagua kona ambapo chuma cha freti hukutana na mbao. Huko ndiko jasho na ngozi iliyokufa hugandamana, na kitambaa kilichopitishwa harakaharaka hakifiki. Panahitaji mswaki laini au kijiti. Ubao wa mepo, kama wa magitaa mengi ya umeme ya aina ya Telecaster, ni jambo jingine: umepakwa vanishi, basi huo na ung'ae, wala hauhitaji mafuta.

Wapo watakaosema mbao kavu sharti zinyweshwe mafuta. Lakini ukavu unaopasua mbao ni wa maji. Mbao husinyaa hewa ikikauka, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu; chuma hakisinyai, ndiyo maana ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Hapo tiba ni kulihifadhi gitaa penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kwani mafuta hayarudishi maji. Anayepiga Mombasa au Dar es Salaam, kwenye hewa ya bahari, ana haja ndogo zaidi ya chupa ya mafuta. Wengine hudai mafuta ya vidole yanatosha, wakisahau kwamba vidole hivyohivyo huacha chumvi, na chumvi hula nyuzi.

Uliza pia kilichopakwa. Mafuta ya kupikia huchacha. Yale yauzwayo kwa jina la mafuta ya limau mara nyingi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu, nayo yanafaa. Maji ya limau yenyewe ni asidi, yaache jikoni. Matone machache, mara moja au mbili kwa mwaka, yakae dakika chache, yafutwe yote. Fundi akikuonyesha kitambaa cheusi na ubao usiong'ara, mlipe.