Heko Mafundi wa Pedali Ndogo

Nawapa heko mafundi wanaojiundia pedali za gitaa kwa vipuri vidogo vinavyolehemiwa juu ya bodi. Big Muff, pedali ya mkwaruzo iliyotolewa New York na Electro-Harmonix mwaka 1969, ilikuja katika boksi pana la bati. Leo fundi anaijenga saketi hiyohiyo, yenye transista nne, ndani ya kasha la alumini lenye upana wa milimita 39 hivi.

Kazi hii inataka mkono uliotulia. Rezista inaweza kuwa na urefu wa milimita 2, imeandikwa 103, yaani omu 10,000. Kapasita ya kauri kwa kawaida haina alama yoyote; ikichanganyika na nyingine, huna budi kuipima kwa mita. Fundi hutia tone la lehemu kwenye bodi, upande mmoja, huishika kapasita kwa kibanio, huliyeyusha lile tone na kuisogeza ikae sawa, ndipo amalizie upande wa pili. Ndani ya kasha, nafasi kubwa huliwa na jeki na swichi ya kukanyaga, na betri ya volti 9 mara nyingi hukosa mahali.

Wapiga gitaa, wapeni mafundi hawa kazi, na muwalipe inavyostahili.