Pima Moja

Kipupwe cha Dodoma hakina manyunyu, kina upepo. Mwezi wa Julai, jua likishazama nyuma ya mabati ya Chang'ombe, upepo unakuja na vumbi lake, unapenya kwenye kola, na mtu aliyekuwa akitoka jasho saa nane mchana anaanza kujikunyata. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya jioni huwashangaza waliohamia kutoka Pwani. Shingo ndiyo inayolalamika kwanza.

Basi naisifu skafu, hasa ile ya kwanza, ambayo mtu ameitengeneza kwa mikono yake. Za mitumba zipo tele, najua. Lakini kwa anayeanza kazi ya mikono sijaona mwalimu mpole kama skafu: haina kwapa, haina kiuno, haina kifungo. Ikizidi urefu, unaizungusha mara moja zaidi.

Kipimo chake unatembea nacho. Nyoosha mikono yote miwili: kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni pima moja, na kwa watu wengi inakaribia sana kimo chao wenyewe. Nguo imepimwa kwa mikono huku Ugogo tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi wa huku ili ipate njia na maji, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi. Stanley alipopita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, alilipa kama wengine. Kila ninaponyoosha kitambaa kifuani huwafikiria watu wale waliosimama juani, mmoja akipima, mwingine akiangalia asipunjwe.

Mimi nilianzia kwenye kufuma, kwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya saruji. Nilitia vitanzi 20, nikafuma safu baada ya safu kwa mtindo mmoja tu, kwenda na kurudi. Skafu ikaanza kupanuka kama mdomo wa tarumbeta. Mama mmoja jirani aliichukua, akahesabu kwa ukucha.

"Mwanangu, ulianza na ishirini. Hivi thelathini na kimoja vimetoka wapi?"

"Sijui, mama. Sijaongeza kitu."

Akanionyesha. Kila nilipogeuza kazi, niliuvuta uzi ukapita juu ya spoki; kitanzi cha kwanza kikainuka, kikaonyesha miguu yake miwili, nami nikaifuma kama vitanzi viwili. Uzi ulitakiwa ulale chini. Alifumua yote mbele yangu, akaviringa uzi, akanirudishia.

Siku hizi anayetaka kujifunza kwangu, naanza naye kwenye khanga kuukuu, kwa kuwa jioni hiyohiyo ataivaa. Khanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko kitambaa chochote cha dukani. Fumua pindo za pande mbili fupi. Tia mkasi kidogo katikati ya upande mfupi, kisha chana kwa mikono hadi mwisho: pamba hupasuka kwa kufuata uzi wake, na mstari unanyooka kuliko ambavyo mkasi wa mgeni ungeweza. Unapata skafu mbili. Jina la khanga linabaki zima kwenye nusu moja, na nusu nyingine inakaa kimya. Mimi huchukua ile yenye kimya, yenye maneno nampa mwanafunzi.

Sasa matamvua, na hapa ndipo ninapotaka mtu asiharakishe. Kwa ncha ya sindano vuta uzi mmoja wa mshindio, ule unaolala kukingama, uuchomoe wote. Kisha unaofuata. Mwanzoni nyuzi zinakatika, baadaye kidole kinajua nguvu ya kutumia. Ukifika upana wa kiganja, zilizobaki zinaning'inia peke yake: ndizo mtande, zilizokuwa zimejificha ndani ya nguo siku zote ulipoivaa. Nimeona watu wazima wakinyamaza hapo. Wamevaa nguo maisha yao yote, na leo ndipo wanaiona ilivyoshikana.

Chukua mafungu mawili, kila moja unene wa njiti ya kiberiti. Yasokote yote kuelekea kulia mpaka yaanze kugoma na kujikunja. Yaweke pamoja, yasokote kushoto, piga fundo. Ukiachia, hayafumuki, maana kila fungu linataka kurudi kwake na mwenzake analizuia. Wazee wa huku walisokota kamba za magome ya mbuyu kwa kanuni hiyohiyo, juu ya paja.

Upande mrefu uliochanwa ukunje, uushone kwa mkono, au mpelekee fundi wa barazani aupitishe cherehani. Halafu loweka skafu kwenye maji baridi: pamba ikilowa hukaza, na mafundo yaliyokuwa legevu yanajibana. Ianike kivulini, utumie vibanio viwili kila upande. Kwa upepo wa jioni ya Chang'ombe, ukimaliza kuosha vyombo utaikuta inapepea, matamvua yakigongana, tayari kuvaliwa.