Mwanamke Mgeni na Lango la Boma: Uhusiano wa Ngano za Ashiki za Homa Bay na Migori

Ngano ya Nyamgondho mwana wa Ombare na ile ya kijiji cha Simbi kilichozama zinajulikana mno katika nchi ya Waluo, na huenda umaarufu huo ndio ulioziponza kwa upande wa uhakiki. Husimuliwa shuleni, hutiwa katika vitabu vya kusomea, na kila moja hufungiwa funzo lake: ya kwanza humkanya mlevi mwenye kiburi, ya pili humkanya mchoyo asiyemjali mgeni. Funzo likishapatikana, ngano huwekwa kando. Makala haya yanadai kwamba ngano hizi mbili, pamoja na nyingine zilizo jirani nazo, ni vipande vya kisa kimoja kirefu cha unyumba, na kwamba kinachoviunganisha ni mhusika mmoja na mandhari yale yale yanayojirudia. Mhusika huyo ni mwanamke aliyetoka nje. Mandhari ni lango la boma, na nyuma ya lango kuna ziwa.

Kuziita ngano hizi za ashiki kutawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa hakuna tendo la kitandani linalosimuliwa ndani yake. Lakini ashiki katika fasihi simulizi haipimwi kwa wingi wa maungo yanayotajwa. Hupimwa kwa swali linalousukuma msuko, na hapa swali ni lile lile kila mara: nani analala na nani, kwa haki gani, na nini hutokea mlango unapokataa kufunguka usiku.

Tuanze na Nyamgondho, kwa sababu ngano yake ndiyo iliyo pana zaidi. Mandhari yake yanajulikana kwa jina: Nyandiwa katika Gwassi, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, sehemu ambayo leo ni ya Homa Bay. Nyamgondho ni mvuvi fukara. Siku moja nyavu zake zinanasa kitu kizito, naye anavuta akidhani ni samaki mkubwa, kumbe ni mwanamke. Masimulizi mengi humfanya mwanamke huyo kikongwe, na mengine humpa jicho moja tu. Nyamgondho anataka kumrudisha majini. Mwanamke anamsihi amchukue nyumbani, naye anakubali. Tangu hapo boma linajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na Nyamgondho anaongeza wake. Usiku mmoja anarudi kutoka katika pombe na kukuta lango limefungwa. Anagonga, anaita, anachelewa kufunguliwa. Ndipo anapomtolea mwanamke yule neno zito, kwamba yeye ni kitu kilichookotwa ziwani. Mwanamke hajibu. Anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata mpaka majini. Nyamgondho anabaki ameegemea fimbo yake akitazama, hadi yeye na fimbo wanageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa huonyesha mahali penyewe, pamoja na alama miambani zinazosemwa kuwa ni nyayo za mifugo.

Msomaji wa haraka huona ulevi. Yafaa atazame ng'ombe. Katika ndoa ya Kiluo ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke. Ndiyo mahari, na ndiyo yanayompa mume haki ya nyumba na ya watoto. Ndoa ikivunjika, huweza kudaiwa mifugo irejeshwe. Ngano ya Nyamgondho imeugeuza utaratibu huu kichwa chini miguu juu. Nyamgondho hakutoa hata mbuzi mmoja. Ng'ombe waliingia pamoja na mke, si kabla yake, na waliingia kutoka upande wa mke. Kwa hiyo mwanamke anapoondoka, mifugo inarejea kwa wakwe, na wakwe hapa ni ziwa. Mume aliyejiona tajiri alikuwa, kwa sheria ya jamii yake mwenyewe, mtu aliyeishi na mke asiyemtolea mahari, katika mali isiyo yake. Tusi alilolitoa langoni lilikuwa kweli kwa herufi zake: mwanamke aliokotwa. Kosa ni kwamba tusi hilo lilimtangaza yeye mwenyewe kuwa si mume wa mtu. Hapo ndipo penye uchungu wa ngano, na funzo la ulevi linapafunika.

Na kwa nini awe kikongwe, tena chongo? Msimulizi angeweza kumpa Nyamgondho binti mzuri, kama wafanyavyo wasimulizi wa hadithi za majini katika sehemu nyingi za dunia. Kwa kumnyima uzuri, ngano inatenganisha mambo mawili ambayo wanaume huyachanganya, tamaa ya mwili na haja ya mke. Wale wake wengine wanaokuja baadaye, ambao wasimulizi hawajali hata kuwapa majina, ndio wa tamaa. Kikongwe ndiye mwenye nyumba. Mume anasahau tofauti hiyo, na anaisahau akiwa amesimama kizani upande wa nje wa lango, mahali alipopaswa kuikumbuka.

Ngano ya Simbi inamrudisha mhusika yule yule. Simbi leo ni ziwa dogo la maji ya magadi karibu na Kendu Bay, katika Karachuonyo, ambako heroe huja kula. Wasimulizi husema palikuwa na kijiji. Usiku wa karamu, watu wakinywa na kucheza, alifika kikongwe asiyejulikana akiomba chakula na mahali pa kulala. Kila alikobisha alifukuzwa, isipokuwa kwa mwanamke mmoja aliyempokea. Kikongwe alimwonya mwenyeji wake aondoke; mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, na kijiji kikazama pamoja na karamu yake. Hakuna msimulizi anayesema kwamba huyu ndiye mke wa Nyamgondho. Hakuna haja. Ana umri ule ule, hana ukoo kama yule, anasimama mlangoni usiku wenye pombe, na anaondoka akiwa na maji nyuma yake. Tofauti ni kwamba safari hii yuko upande wa nje wa mlango, na walevi wako ndani. Ngano mbili zimesimama pande mbili za lango moja. Methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" ingeweza kuwa anwani ya zote mbili, mradi tukumbuke kwamba katika ngano hizi mwenyeji huangamia kwa mgeni yule yule aliyekuja kumponya.

Lango lenyewe si jazanda tupu. Katika boma la Mluo, nyumba ya mke mkubwa huelekea lango, na simba, yaani nyumba ya kijana ambaye hajaoa, hujengwa karibu na lango. Kwa hiyo mapenzi ya ujana, yaliyo ya kuja na kuondoka, yana makao yake mlangoni. Ndoa ina makao yake ndani, ikiyatazama. Anayetaka kuona uzito wa jambo hili kwa macho aende Thimlich Ohinga, katika Migori, ambako kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zimesimama tangu karne ya 16 hivi, zikiwa na kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Waliishi humo watu wa jamii mbalimbali kwa zamu, Wabantu na Waluo, na mnamo 2018 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Malango yake ni membamba na ya chini. Aingiaye hana budi kuinama. Katika nchi ya maboma ya namna hiyo, kufunguliwa au kutofunguliwa usiku si mapambo ya simulizi. Ni suala la kuishi, na mwenye kuamua kwa wakati huo ni yule aliye ndani, ambaye mara nyingi ni mke.

Kutoka nje ya eneo hili, huko Kano, ngano ya Luanda Magere yashuhudia jambo hilo kwa upande wa vita. Shujaa mwenye mwili wa jiwe anapewa mke kutoka kwa adui, watu ambao Waluo huwaita Lang'o. (Msomaji wa Kiswahili hataacha kutabasamu kwa mfanano wa neno hilo na lango.) Mke anaishi naye, anamuuguza, na kwa kumuuguza anagundua kwamba uhai wake umo kivulini. Silaha zote zilishindwa. Ukaribu wa kitandani ukafaulu. Waswahili wana Fumo Liyongo, ambaye siri ya kifo chake ilivuliwa na mwanawe mwenyewe. Waluo waliikabidhi siri hiyo kwa mke mgeni. Tofauti hiyo si ndogo. Yaonyesha mahali ambapo kila jamii iliona ufa katika ukuta wa nyumba yake.

Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga mashuhuri wa Homa Bay ambaye jina lake lilipewa klabu ya kandanda mnamo 1968, hahitaji kutukawiza. Visa vyake vya kujigeuza ni vya uwezo wa mwanamume, na mwanamke mgeni hapewi nafasi kubwa ndani yake. Kutajwa kwake kunasaidia kuonyesha tu kwamba si kila ngano ya eneo hili imo katika mkufu unaozungumziwa hapa.

Sasa lipo swali la nani aliyeufuma mkufu. Katika riwaya ya Kiswahili, hadithi zinazohusiana huunganishwa na jina la mtu. Muhammed Said Abdulla alimpeleka Bwana Msa kutoka Mzimu wa Watu wa Kale hadi Kisima cha Giningi, na msomaji alimtambua kwa kiko chake. Mwandishi ndiye aliyeshika uzi. Ngano za Homa Bay hazina mwandishi, wala mhusika wake hana jina. Hata hivyo lipo jibu, nalo limo katika nyumba iitwayo siwindhe. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha 1989, wanamweleza pim, mwanamke mzee aliyelala na wasichana katika siwindhe, akiwalea, akiwasimulia ngano na kuwafundisha mambo ya mwili, ya wanaume na ya ndoa. Pim mara nyingi hakuwa mtu wa ukoo ule. Alikuwa mzee aliyetoka mbali, asiye na mtu, aliyepokelewa.

Ni kweli kwamba utafiti wao ulihusu Siaya, na si kila jambo la Siaya lafaa kuvushwa hadi upande wa kusini wa ghuba. Lakini ikikubaliwa kwamba taasisi hiyo ilikuwa ya Waluo kwa jumla, basi kikongwe wa Nyandiwa na kikongwe wa Simbi si mafumbo tena. Ni picha ya msimulizi. Mwanamke mzee, mgeni, anayekaa katika boma kwa hisani, anawasimulia wasichana watakaokuwa wageni katika maboma ya waume zao habari za mwanamke mzee mgeni na yanayowapata wanaomfukuza. Wasikilizaji walikuwa wanafundishwa unyumba, na somo halikuwa "muwe wakarimu". Somo lilikuwa kwamba siku moja mtaambiwa mlikotoka, na kwamba mnaweza kuondoka na mlichokileta.

Kwa Gwassi jambo hili lina safu nyingine. Wasuba wa huko ni watu wa asili ya Kibantu waliokuja kwa njia ya ziwa kutoka upande wa Uganda, kisha wengi wao wakahamia katika lugha ya Dholuo. Ngano ya mtu aliyetoka ziwani na kuambiwa hivyo usoni haisikiki Nyandiwa kama inavyosikika Kisumu.

Mwandishi aliyeushika uzi huu kwa mkono wa kalamu ni Grace Ogot (1930–2015). Wahakiki wa Kiingereza wamezoea kuzisoma hadithi zake moja moja, na kuzigawa mafungu mawili, za mila na za mjini. Katika "The Rain Came", hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder wa 1968, Oganda binti wa mtemi Labong'o anadhani wazee wanazungumzia ndoa yake, kumbe wamemchagua atolewe kwa joka la ziwani ili mvua inyeshe. Hakudhani vibaya kabisa. Safari ya kutolewa imejengwa kama safari ya harusi: kuagwa, kuimbwa, kutembea peke yake kuelekea nyumba ya mwenye kumtaka. Nyamgondho alipokea mke kutoka majini bila mahari. Labong'o anayatolea maji mke, na mahari yake ni mvua. Osinda, mpenzi wake, anauvunja mkataba huo kwa kumteka njiani, na mvua inanyesha vilevile. Hapo Ogot amesema jambo ambalo pim asingelisema: kwamba huenda ziwa halikumdai mtu.

Mnamo 1983 alitoa vitabu viwili kwa Dholuo, Simbi Nyaima na Miaha. Kutokea pamoja kwa vitabu hivyo hakujapewa uzito unaostahili. Kimoja ni cha kikongwe aliyefukuzwa mlangoni. Cha pili, ambacho jina lake maana yake ni bibi harusi, ni cha msichana anayeingia mlangoni. Nyawir anaolewa na Owiny, mwana wa mtemi Were Ochak, katika nchi ambako jembe hulima lenyewe na kumshika mpini ni mwiko. Bibi harusi anaushika na kulima kwa mikono yake, na tangu hapo watu wanataabika. Okoth Okombo alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mnamo 1989 kwa jina la The Strange Bride, na kwa neno hilo moja la "ajabu" alizungumza kama watu wa boma, si kama Nyawir. Kwa mgeni, la ajabu ni jembe linalolima peke yake. Mali isiyotoka jasho, kama ng'ombe wa Nyamgondho, ndiyo hali ya boma kabla ya mke kupewa nafasi ya kufanya kitu ndani yake. Kikongwe alileta mali hiyo na akaichukua. Nyawir anaikataa kabisa, akiwa kijana, mrembo, aliyeolewa kwa taratibu zote, na hakuna awezaye kumwambia kwamba aliokotwa.