Ziara ya Makaburi na Ushairi: Pate na Barawa kutoka Upande wa Garissa

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuuanza mwambao Lamu na Pate. Mazoea hayo yana sababu, kwani hazina kubwa ya tenzi za kale ilitoka huko. Lakini mpaka huo wa kihakiki unalingana mno na mpaka wa dola. Kwa mtazamo wa Garissa, mwambao una milango miwili. Upande wa Ijara, Garissa inapakana na Lamu. Upande wa Dadaab na Liboi, njia huvuka mpaka kuelekea Kismayu na hatimaye Barawa, mji wa kale wa pwani ya Somalia ambao wenyeji wake husema Chimbalazi, yaani Chimiini, ndugu wa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba tenzi za Pate na za Barawa hujenga utakatifu wa mahali kwa njia mbili tofauti, na kwamba tofauti hiyo ina uzito kwa msomaji aliyezuiwa kufika.

Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mahali hujengwa kwa majumba. Mtunzi huuhutubia moyo wake na kuupitisha Pate: taa zimezimika, na vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure vimekuwa viota vya ndege. Hoja ya utenzi hutegemea jicho. Ukiwa ndio ushahidi wa ubatili wa dunia.

Utenzi mashuhuri wa Dada Masiti wa Barawa hufuata njia nyingine. Unahusishwa na kifo cha Sheikh Nureni Ahmed Sabir mwaka 1909, nao huanzia katika ukweli kwamba kila uhai hufuatwa na mauti. Uzito wake hauko katika mandhari. Mji umo kama jamaa ya waombolezaji, na kinachoutakasa ni aliyetajwa pamoja na sauti zinazomtaja. Mtunzi mwenyewe baadaye alihesabiwa miongoni mwa mawalii. Kaburi lake likawa mahali pa ziara ya kila mwaka, na tungo zake zikaendelea kukaririwa.

Tofauti hii si ya kifani tu. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, Wabarawa wengi walikimbilia Kenya, na kambi za Dadaab zikafunguliwa mwaka huohuo. Baadaye Al-Shabaab, waliolishika jiji hilo dogo hadi Oktoba 2014, walipiga vita ziara na kubomoa makaburi ya mawalii katika sehemu mbalimbali za Somalia. Swali la mhakiki ni hili: njia ikifungwa na kaburi likiwa hatarini, ziara hubakiwa na nini?

Inaweza kupingwa kwamba Al-Inkishafi pia husomwa mbali na Pate. Ni kweli, ila msomaji wake huonyeshwa gofu la wengine, naye hujifunza kwa kutazama. Anayekariri utenzi wa Dada Masiti hushiriki matanga yenyewe, awe Barawa au kambini. Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba utenzi unatosha badala ya mji. Mkariri anajua anachokikosa, na ujuzi huo ni sehemu ya maana ya utenzi wake.

Mwaka 2018 shirika la Brill lilitoa mkusanyo mkubwa wa tenzi za dini za Barawa pamoja na tafsiri za Kiingereza. Kazi hiyo imeokoa maneno. Sauti haiwezi kuokolewa na kitabu peke yake, hasa wasemaji wa Chimiini wakiwa wametawanyika hadi Uingereza na Marekani. Idara za Kiswahili zinazofundisha Al-Inkishafi bila tenzi za Barawa zinawapa wanafunzi nusu ya mwambao. Nusu nyingine haiko mbali: wenye kuikariri walikwisha kuvuka mpaka, wakaingia Kenya.