Ukuta Uliookoa, Ukuta Uliofunika: Tahakiki ya Kanisa la Santo Stefano Rotondo

Kanisa la Santo Stefano Rotondo, juu ya kilima cha Celio jijini Roma, husifiwa kwa umbo lake la mviringo. Insha hii inashikilia kuwa sifa hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwani mviringo tunaouona leo ni kiini cha jengo lililopunguzwa.

Kanisa liliwekwa wakfu na Papa Simplicius (468–483) kwa heshima ya Stefano, shahidi wa kwanza. Ramani yake ya awali ilikuwa na miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na wa nje ulikuwa na kipenyo cha takriban mita 65. Mikono minne ilikatiza miduara hiyo ikaunda msalaba. Katikati, nguzo 22 zilibeba ukuta mrefu wenye madirisha, na mwanga ukashuka kutoka juu. Kwa hiyo msanifu aliunganisha maumbo mawili: duara la kaburi la shahidi na msalaba wa imani yake.

Karne ya 12, Papa Innocent II alijenga matao matatu ndani ili kutegemeza paa. Katikati ya karne ya 15, Papa Nicholas V alimkabidhi Bernardo Rossellino ukarabati. Nafasi kati ya nguzo za duara la pili zikazibwa kwa ukuta, na mzunguko wa nje ukaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1580, Niccolò Circignani alichora kwenye ukuta huo mateso ya mashahidi, viungo vikikatwa na miili ikichomwa.

Je, Rossellino alikosea? Nusu shari kuliko shari kamili: kanisa lingali limesimama. Lakini maana ilibadilika. Jengo la kwanza lilimheshimu shahidi kwa nafasi na mwanga, ilhali michoro inamheshimu kwa maumivu. Jicho lililokuwa likipita kati ya nguzo sasa linagota kwenye damu. Kwa maoni yangu, lugha ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa sababu haimlazimishi mtu kuhisi.

Sisi tunaosoma tenzi tunajua kuwa mswada ulionakiliwa na wengi hauna sauti moja. Kanisa hili nalo lisomwe hivyo. Mhakiki anayelisifu kama kazi ya karne ya tano pekee anawanyima waliolikata, na walioliokoa, hesabu yao.