Kambi Iliyoishia Mwanzo 32

Mwaka jana wanaume wa usharika wetu, kama arobaini hivi, tulipanda Lushoto kwa kambi ya siku tatu, Ijumaa mchana hadi Jumapili baada ya ibada. Tulipiga mahema pembeni mwa msitu wa Magamba, mahali ambapo baridi ya usiku hupenya hadi kwenye mifupa, na mtu aliyetoka Tanga mjini anajuta kwa nini amebeba shuka badala ya blanketi. Niliifurahia kambi ile. Pia nilikuwa kwenye kamati iliyopanga masomo, kwa hiyo lawama iliyomo humu inaanzia kwangu.

Mema yalikuwa mengi. Simu zilikusanywa kwenye kikapu cha sadaka na hakuna aliyekufa. Hakuna mama aliyetupikia. Mzee wa kanisa mmoja, mtu wa heshima zake, alisonga ugali ukaungua chini na kubaki mbichi juu, tukaula. Watu ambao mwaka mzima hupeana mikono tu mlangoni mwa kanisa walikaa kwenye moto hadi saa sita za usiku. Kwa hayo peke yake nauli haikupotea.

Kilichonisumbua ni mafundisho. Mnenaji wetu, mgeni tuliyemwalika wenyewe, alijenga masomo yote juu ya wazo moja: mwanamume ameumbwa awe shujaa, nyumba na ofisi zimemlegeza, sasa arudi msituni akautafute moyo wake wa simba. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1990 huko Marekani, Bill McCartney, kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, alianzisha Promise Keepers, chama kilichojaza viwanja vya michezo kwa wanaume wanaosali. Mwaka 2001 John Eldredge akatoa kitabu Wild at Heart, kinachofundisha kwamba mwanamume anaujua moyo wake katika mapambano na hatari, na kwamba kanisa limemfanya mpole kupita kiasi. Sisemi kila kilichotoka ng'ambo ni kibaya. Luther naye hakuzaliwa Usambara. Nauliza tu kama dawa hii inatibu ugonjwa wetu. Mtu anayefanya kazi mezani mwaka mzima anaweza kuutamani msitu. Kwa mkulima, msitu ni mahali nguruwe wanapotokea kuja kula mahindi yake.

Jumamosi usiku somo lilikuwa Yakobo anayeshindana mweleka kwenye kivuko cha Yaboki. Tukaambiwa: hakuachia, akapigana hadi alfajiri, akapewa jina jipya. Basi nawe usiachie! Tukapiga makofi, nami nikapiga. Lakini nilipolala nilianza kuisoma upya sura ile kichwani, nikaona tumeikata vibaya.

Yakobo hakwenda pale kutafuta uanaume wake. Alikuwa anamwogopa kaka yake, ambaye alimwibia baraka miaka mingi kabla. Katika sura ya 32 anatanguliza kondoo na mbuzi, anatanguliza watumishi, anawavusha wake zake na watoto, mwenyewe anabaki nyuma ya wote. Usiku ule anapata baraka, ndiyo, lakini pia anapata nyonga iliyoteguka. Simba wetu anaondoka akichechemea. Kisha ifungue sura ya 33: Esau anakuja na watu 400, na sasa Yakobo anatangulia mbele ya familia yake, anainama mara saba mpaka anamfikia mtu aliyemkosea, wanakumbatiana na kulia. Usiku wa mweleka ulikuwa wa kumwandaa kwa asubuhi hiyo. Kambi yetu iliishia Mwanzo 32. Hakuna somo hata moja lililotuuliza: ukishuka mlimani, unakwenda kwa nani?

Luther alikuwa ameishi maisha ya kujitenga kuliko sisi wa siku tatu, alikuwa mtawa. Katika andiko lake la mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa anamtaja baba anayefua nepi za mtoto. Watu wanamcheka, lakini Mungu na malaika wanamfurahia, kwa kuwa anafanya kwa imani. Sijawahi kulisikia fundisho hilo kwenye moto wa kambi. Hata hivyo sufuria zetu nazo zilikuwa na masizi, na ni kwenye kuzisugua, Jumamosi alasiri, ndipo nilipopata somo ambalo ratiba haikuwa nalo.

Niliyekuwa namsaidia kusugua (yeye na mkewe wamenikubalia niyaandike haya) aliniambia, bila kuniangalia, kwamba Aprili aliuza kiwanja chao kulipa deni. Kiwanja hicho kilinunuliwa kwa fedha za wote wawili, na sehemu kubwa ilitoka kwenye biashara ya vitenge ya mkewe. Mke hajui. Usiku ule, baada ya somo la Yakobo, alisimama akalieleza kosa lake mbele ya wote. Tukamwekea mikono, tukamwombea, wengine wakalia. Jumapili alishuka mlimani uso unang'aa. Kamati iliandika kwenye taarifa kwamba mtu mmoja amefunguliwa.

Nimewaambia wanakamati kwamba mwaka huu somo la mwisho lisifanyike kambini kabisa. Wengine wanasema nawavunja moyo vijana. Huenda.

Jumatatu yule ndugu alinipigia simu akaniomba nimsindikize nyumbani kwake. Tulikwenda Jumanne jioni. Alianza mara tatu, mara ya tatu akamaliza. Mkewe hakupiga kelele. Alichukua chupa, akakijaza chai kikombe changu ambacho bado kilikuwa na chai, ikamwagika kwenye sahani. Kisha akaniuliza mimi, hakumwuliza mumewe:

"Mchungaji, wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi, mama."

"Na hao wenzenu wa kambini?"

"Nao Jumamosi. Usiku."

Akahesabu kwa vidole, polepole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne.