Kuoa, Kuolewa, Kuozwa: Kumsoma Upya Yasmin

Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mwari huozwa. Vitenzi vitatu, shina moja. Katika cha kwanza mtu anatenda. Katika cha pili anatendwa. Katika cha tatu ametendwa na wawili, aliyemtoa na aliyempokea. Kila nikijaribu kukifasiri hiki cha mwisho kwa lugha nyingine, huniponyoka.

Kitenzi hicho ndicho kinachoifungua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15 katika Unguja ya ukoloni, anaozwa Bwana Raza, muuza duka aliyekwisha kupita miaka 50. Wasomaji wengi huikumbuka riwaya hii kwa siasa yake: Denge, makachero na harakati za uhuru. Mimi naona kuvutana kunaanzia nyumbani kwa Raza, kabla Denge hajatokea.

Mwandishi hakumchora Raza kuwa zimwi. Anampenda mkewe kwa namna aijuayo. Hapo ndipo penye nguvu ya riwaya: ubaya haumo moyoni mwa mzee huyu, umo katika mapatano yaliyopitishwa pasipo binti kuulizwa. Yasmin anapomkimbia mumewe Mombasa na kurejea Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Walioweza kumtoa hawawezi kumpokea. Mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, wa Ng'ambo, asiyekuwa na nasaba naye.

Utaambiwa kuwa ndivyo dini isemavyo. Ni kweli kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, walimpa baba na babu mamlaka ya kumwoza bikira, kwa masharti, huku wakisema kwamba kumtaka idhini ni sunna. Wa Hanafi walikwenda mbali zaidi: aliyebaleghe haozwi bila ya ridhaa yake. Na Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa bikira atakwe idhini, na kimya chake ni idhini. Lakini kimya cha haya na kimya cha hofu havifanani. Mshairi, ambaye kazi yake ni kusikiliza kilichoachwa baina ya maneno, asivichanganye, seuze mzazi.

Kasoro moja naiona. Kadiri harakati zinavyopamba moto, Yasmin husukumwa pembeni, naye aliyeianza hadithi hugeuka mpita njia ndani yake. Mwishowe anaolewa na Bukheti, safari hii kwa hiari yake. Hapo ningependa nikae naye zaidi, nimsikie akijibu swali ambalo mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza.

Lugha yetu bado haijampa kitenzi cha kutenda. Basi tusioweza kuibadili sarufi, tuanze japo na lililo jepesi: tumuulize, kisha tungoje jibu.